Uliza Bi Konda: Kibao kimesema mwisho, njia je?

Mwezi huu barua zimekuja kwa wingi, na nyingi zinazunguka jambo moja: abiria wa basi dogo atajuaje gari linapita wapi, linaondoka lini, linaishia wapi na linamdai kiasi gani? Nimechagua chache. Kwa wasomaji wapya, mimi nilikuwa mlangoni mwa basi kwa miaka mingi kabla ya kuhamishiwa meza ya zamu kituoni. Kwa hiyo nitakayosema ni ya upande wa konda, na wenzangu wengine watanuna.

*Shikamoo Bi Konda. Nimehamia mji mpya kikazi. Juzi nilipanda basi lililoandikwa jina la mtaa ninaoishi. Likapita barabara nisiyoijua, nikashushwa upande wa pili wa mtaa na kutembea mwendo mrefu na mizigo. Nilipolalamika, konda akaniambia, "Si umefika?" Mwenye kosa ni nani?*
*— Mgeni wa Mji*

Marahaba, mwanangu. Kwa mujibu wa kibao, konda hana kosa. Kwa mujibu wa utu, analo.

Kibao cha mbele kinataja ncha za safari tu. Katikati kunaweza kuwa na barabara mbili au tatu tofauti, na mtaa mkubwa una pembe zake. Ukiuliza, "Mnakwenda mtaa fulani?" utajibiwa ndiyo, na hujadanganywa. Maswali ya kukuokoa ni mawili: "Mnapita wapi?" na "Nikitaka kufika zahanati, mtaniacha wapi?" Taja kitu kinachoonekana dirishani: zahanati, shule, kituo cha mafuta, mnara wa simu. Jina la barabara lililo kwenye barua yako ya ajira liache nyumbani, maana makonda wengi hawalijui. Wao wana majina yao ya vituo, na mengine yamevitaja vitu vilivyokwisha kutoweka. Ukisikia "Mtini" usitafute mti. Huenda ulikatwa kabla konda huyo hajazaliwa.

La pili ni umwulize nani. Mpiga debe usimwulize. Yule analipwa gari likijaa, kwa hiyo kila unakokwenda wewe, gari linakwenda. Ukimtajia mbinguni atakwambia panda, tunapita. Konda ni afadhali kidogo, kwa sababu atakuwa nawe njia nzima na anajua utamgombeza. Aliye bora kuliko wote ni abiria aliyekwisha keti, hasa mama mwenye kikapu anayeonekana kupanda kila siku. Hana chochote cha kupata kwako. Mwulize ukiwa bado umesimama chini, maana ukishaketi utaona haya kushuka.

Kisha keti karibu na mlango, umkumbushe konda kituo kimoja kabla ya chako. Ukimkumbusha mkiwa kituoni penyewe, dereva ameshaingiza gia.

Kila mji una alama zake, jifunze za mji wako mpya mapema. Dar es Salaam, daladala zina mistari ya rangi inayotofautisha njia, na majina ya ncha zake yameandikwa mbele. Nairobi watu hutaja namba ya njia kuliko jina la mwisho. Kenya nzima, kanuni za John Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, za mwaka 2003, zilizoanza kutumika 2004, ndizo zilizoleta ule mstari wa njano ubavuni mwa matatu wenye maelezo ya njia. Na Johannesburg mambo yamegeuka: pale dereva ndiye anayemsoma abiria. Ukisimama kando ya barabara ukainua kidole cha shahada, unakwenda katikati ya jiji. Ukikielekeza chini, safari yako ni ya hapahapa karibu. Anayekwenda kitongoji cha Orange Farm (orange ni chungwa kwa Kiingereza) anakunja kiganja kama aliyeshika chungwa. Mimi nauhusudu utaratibu huo. Gari lisilokufaa halisimami kabisa, wala hakuna wa kukuvuta mkono.

*Bi Konda, pale kituoni tunaambiwa "bado wawili tu tuondoke", halafu tunakaa nusu saa. Kwa nini hakuna ratiba ukutani kama ya treni?*
*— Mchelewaji wa Kila Siku*

Kwa sababu gari la kujaza haliondoki kwa saa, linaondoka kwa vichwa. Hesabu yake ni nyepesi. Gari lina viti 14. Akiingia abiria mmoja kila dakika 2, litajaa kwa dakika 28. Wakiingia watatu kila dakika, hamtamaliza hata dakika 5. Kituo kilekile, gari lilelile. Kilichobadilika ni saa ya siku. Ratiba ya ukutani ingesema uongo asubuhi na kurudia uongo mchana.

Wewe fanya hivi: kabla hujaingia, hesabu viti vilivyo wazi, kisha simama mlangoni dakika 2 utazame wanaoingia. Umeshapata ratiba yako. Na hakikisha gari hilo ndilo lenye zamu. Vituoni magari hupanga foleni na linalojazwa ni la mbele peke yake. Ukikimbilia la pili kwa sababu kiti cha dirishani ki wazi, utakaa nacho.

Hao "wawili tu" sasa. Baadhi ya watu unaowakuta ndani si abiria. Ni vijana wa kituoni waliowekwa vitini ili gari lionekane linakaribia kujaa, maana hakuna apendaye kuingia gari tupu. Wa kweli watatu wakiingia, wao watatu wanashuka, na mwendo unaanza upya. Utawatambua: hawana mfuko wala mzigo, wameketi karibu na mlango, na mpiga debe anawaita kwa majina ya utani. Usigombane nao. Watoe kwenye hesabu yako, basi.

Jambo jingine ambalo wapandaji wazoefu wanalijua bila kuambiwa: saa za msongamano rudi nyuma kuelekea kituo kikuu, kwa sababu magari yanatoka yamejaa na hayatasimama kwako njiani. Mchana fanya kinyume chake. Tembea mbele kituo kimoja au viwili, kwa kuwa dereva aliyechoka kusubiri huondoka na viti vitupu na kuokota abiria barabarani. Utamwacha mwenzako kituo kikuu akisubiri wawili.

*Nauli halali nitaijuaje kabla sijaingia? Nikiuliza naonekana mgeni, nisipouliza naibiwa.*
*— Mama Wawili*

Inategemea uko wapi. Tanzania kuna mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, LATRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, na ndiyo inayotangaza kikomo cha nauli za daladala. Konda akizidisha amevunja sheria. Kenya wenye magari na vyama vyao hupanga wenyewe, kwa hiyo mvua ikinyesha nauli hupanda kabla maji hayajafika mtaroni. Hapo swali la kumwuliza konda ni la siku hiyo: "Leo ni ngapi?" Neno hilo "leo" linamwambia kwamba ya jana unaijua.

Kama huijui kabisa, mwulize jirani kwa sauti ya chini au subiri uone wa mbele yako wanatoa nini. Chenji idai unapotoa pesa, papo hapo, ukitaja kiasi: "Nimekupa noti kubwa, nirudishie kadhaa." Deni la chenji linaloachwa hadi kushuka huwa halilipiki, na konda huyo ana madeni kama hayo kumi kichwani.

*Bi Konda, simu yangu inaniambia treni ya London inaondoka baada ya dakika ngapi, mji ambao sijawahi kufika. Basi linalopita mbele ya nyumba yetu haliijui. Tatizo ni nini? Mimi nasomea kompyuta, nijibu bila kunionea huruma.*
*— Kijana wa Kompyuta*

Sikuonei, na nimepata msaada wa mpwa wangu anayefanya kazi za aina hiyo, kwa hiyo kaa vizuri.

Mwaka 2005, shirika la usafiri la mji wa Portland, Marekani, liitwalo TriMet, lilikubaliana na Google namna moja ya kuandika habari za mabasi: majedwali ya maandishi ya kawaida yanayosema vituo viko wapi, njia zipi zinavipitia, na gari linafika saa ngapi. Namna hiyo leo inaitwa GTFS, na imeenea duniani kwa sababu ni rahisi. Mtu mwenye programu ya kawaida ya hesabu anaweza kuiandika. Shirika likishatoa majedwali yake, simu yoyote inaweza kuyasoma. Treni yako ya London inajulikana kwa sababu yuko mwenye kuiandikia habari zake.

Basi dogo lina taabu mbili. Kwanza, hakuna shirika moja linalomiliki njia. Kuna wenye magari wengi, vyama vyao, na madereva, na hakuna hata mmoja aliyeajiriwa kuandika jedwali. Pili, majedwali yale yalitungwa kwa ajili ya gari lenye saa na vituo vyenye nguzo. La kwetu linasimama mtu anapopunga mkono.

Hata hivyo ilifanyika. Nairobi, kuanzia mwaka 2012, Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na wenzao wa vyuo vya Columbia na MIT vya Marekani waliamua kuwapandisha wanafunzi kwenye matatu wakiwa na simu zinazorekodi mahali walipo. Wakapanda, wakaandika kila linaposimama, wakashuka, wakapanda jingine. Januari 2014 ukatoka mradi wa Digital Matatus wenye ramani ya zaidi ya njia 130, imechorwa kwa rangi kama zile za treni za chini ya ardhi, na takwimu zake zikatolewa bure kwa yeyote. Mwaka 2015 njia hizo ziliingia Google Maps. Majedwali ilibidi yakunjwe kidogo yaingie mlangoni mwa matatu: badala ya saa kamili wakaandika kwamba gari huja kila baada ya muda fulani. Baadaye GTFS yenyewe iliongezewa nafasi ya kusema kwamba abiria anaweza kupanda au kushuka popote kwenye kipande fulani cha njia. Kwangu hilo ni jambo kubwa kuliko ramani. Maana yake hatimaye wenye kompyuta wamekubali kwamba sisi tupo.

Sasa hukumu yangu, ukubali au ukatae. Simu inafaa kwa njia: magari yapi yanakwenda huko, na nibadilishie wapi. Haifai kwa leo. Haijui kwamba askari wamesimama kwenye mzunguko na madereva wote wamekata kona, wala kwamba mafuta yameadimika na nusu ya magari yamelala. Habari za leo ziko midomoni mwa watu. Siku hizi ziko pia kwenye makundi ya WhatsApp ya wapandaji wa njia moja, na nimeona yanasaidia kweli asubuhi, kwa sharti moja: kila ujumbe uwe na saa na mahali. "Foleni mbaya sana jamani" iliyosambazwa tangu jana imewapeleka watu wengi njia ndefu bure.

Na kwa kuwa unasoma kompyuta, anza na njia ya mbele ya nyumba yenu. Ipande mwanzo hadi mwisho, irekodi, uiweke OpenStreetMap, ile ramani ya bure ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuichangia. Mwulize konda majina ya vituo, uyaandike kama anavyoyatamka yeye, usiyabadilishe kwa yale ya manispaa.

*Mimi sioni. Yakifika mabasi mawili kwa pamoja, wote wanapiga kelele, na siwezi kujua sauti ipi ni ya gari lipi. Nikiuliza navutwa mkono na kuingizwa nisikokwenda. Nifanyeje, na wao wafanyeje?*
*— Msikilizaji*

Barua yako ndiyo iliyonifanya niandike safu hii ndefu kuliko kawaida.

Kwa upande wako: andika namba ya njia au jina la unakokwenda kwa herufi kubwa nyeusi kwenye kadi ngumu nyeupe, pande zote mbili, uiinue usikiapo gari linakaribia. Konda mwenye macho ataisoma akiwa mbali, na asiyekufaa hatahangaika nawe. Kadi hiyohiyo inamfaa kiziwi, na inamfaa mgeni asiyejua lugha ya mahali. Afrika Kusini, msanii Susan Woolf alikusanya zile ishara za mikono nilizozitaja juu na kuzichora, na mwaka 2010 Posta ya nchi hiyo ikazitoa kwenye stempu. Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba alibuni pia maumbo ya kupapasa kwa vidole ili asiyeona naye azijue ishara ambazo wenzake wanazifanya kimya mbele yake kila siku.

Kwa upande wao, nanyi makonda mnaosoma hapa sikilizeni. Piga mlango mara mbili, utaje unakokwenda na unakopita, kisha nyamaza. Ukinyamaza ndipo mtu anaweza kujibu. Usimvute, mpe kiwiko chako akishike mwenyewe. Mwambie mlango uko upande gani, ngazi ni ya juu au ya chini, na kiti kilicho wazi ni cha ngapi. Chenji mhesabie kwa sauti, noti kwa noti. Taja kila kituo kabla ya kukifikia, hata kama leo hakuna anayeshuka hapo, kwa sababu yeye anahesabu vituo kwa masikio. Na ukimshusha, hakikisha mguu wake unakanyaga kando ya barabara, wala usimwachie mbele ya mtaro ukapiga bati gari liondoke. Kazi yote hiyo haikuchelewishi kuliko unavyochelewa ukimbembeleza abiria mmoja aliye ng'ambo ya barabara.

*Natoka kazini saa 4 usiku. Kuna siku gari la mwisho lipo, kuna siku halipo. Mara nyingine nalipata, halafu linatushusha katikati ya njia na kugeuza. Kuna namna ya kujua mapema?*
*— Dada wa Zamu ya Jioni*

Ipo, na swali lenyewe ni hili: "Gari linalala wapi?"

Usiku magari hayafuati abiria tu, yanafuata pia maegesho yao. Kila gari lina mahali linapolazwa, na safari yake ya mwisho huelekea huko. Njia yako ikiwa upande wa maegesho, utapata magari hadi usiku mwingi. Ikiwa upande wa pili, dereva akikupeleka atalazimika kurudi mtupu na kuchoma mafuta yake, ndiyo maana anakatisha njia na kuwashusha. Leseni ya njia Tanzania inakataza kukatisha, lakini saa hiyo mkaguzi naye ameshakwenda kulala.

Kwa hiyo siku ya mapumziko nenda kituoni mapema, uwaulize madereva wawili watatu magari yao yanalala wapi. Hawatakuficha, si siri. Chagua wale wanaolala upande wako, uchukue namba ya simu ya konda wao. Konda anayejua kwamba kuna abiria wa uhakika wa saa 4 atakuambia kama leo hapiti. Na kabla ya kuingia gari lolote usiku, uliza mbele ya abiria wenzako, kwa sauti ya kusikika: "Tunafika mwisho?" Akisema ndiyo wakiwa wanasikia kumi, kuwashusha katikati kunamwia vigumu zaidi. Namba ya gari itume nyumbani kabla halijaondoka.

*Kwa nini abiria wanatuuliza vitu vilivyoandikwa kwenye kioo? Wasome!*
*— Konda Bado Kazini*

Mdogo wangu, kioo chako kina jina la timu ya mpira, picha ya mwanamuziki, aya ya dua, na chini kabisa pembeni, kwa herufi za ukubwa wa kidole, njia ya gari. Punguza mapambo, ongeza neno "kupitia" na barabara mbili kuu mnazopita. Maswali yatapungua nusu. Nusu iliyobaki ijibu, ndiyo kazi.

*Nimesahau mwavuli na faili kwenye basi. Namba ya gari siikumbuki. Nimepoteza?*
*— Mwenye Faili*

Bado. Nenda leo hii kwenye meza ya zamu ya kituo ulikopandia, si ulikoshukia. Zamu zinaandikwa pale magari yanapoondoka. Mwambie mwandikaji saa uliyoondoka, rangi na mapambo ya gari (hapo ndipo yule mwanamuziki wa kwenye kioo anaposaidia), ulikaa kiti gani, na kama konda alikuwa wa kike au wa kiume. Kwa hayo atakutajia magari mawili au matatu, nawe uyasubiri yarudi. Faili huenda ukalipata. Mwavuli, kama mvua ilinyesha siku hiyo, nunua mwingine.

Barua kuhusu nauli za mizigo nimezipokea, nitazijibu toleo lijalo.